Makuti ya Nkoaranga

Mwalimu wa kunikamata mimi hajazaliwa, na kama amezaliwa bado ananyonya. Ndivyo nilivyokuwa nikitamba bwenini, chuo chetu cha kilimo hapa Kimandolu.

Mwalimu Evaresta alishachoka na sisi. Kazi zote tulizompelekea ziliandikwa na AI ya simu, zote zikiishia "ni muhimu kukumbuka kwamba". Siku moja akaingia darasani mikono mitupu.

"Sitaki tena insha za kuchapa. Kila mtu akamuulize mzee wa kwao walivyolima kahawa zamani, aje asome hapa mbele, na mzee mwenyewe akiwepo. Hii ndiyo njia yangu ya mwisho. Mkinizunguka na hapa, basi, sina tena cha kuwafundisha."

Mimi somo lake nilishalifeli. Nikilifeli tena nadisko, narudi nyumbani bila cheti. Nikampigia bibi yangu aliyenilea, yuko Nkoaranga, Meru.

"Shikamoo bibi. Jumamosi nakuja tuongee kahawa."

"Marahaba baba. Njoo, nitapika loshoro."

Jumamosi kukawa na mpira. Nikaiambia AI ya simu iandike kama bibi anavyoongea. Mwalimu nikamwambia bibi anaumwa miguu, vile vilima hawezi kushuka.

Siku ya siku nikasimama mbele. Kuisoma kabla? Ya nini?

"'Ewe mjukuu wangu,'" nikaanza kwa sauti ya kizee, "'kahawa tuliianika juu ya makuti ya mnazi...'"

Darasa likaangua kicheko. Mwenzetu Lengai akapayuka, "Oya, Meru siku hizi kuna bahari?"

Nikakaza sura. "'Hadi leo babu yako hunisaidia kuchuma.'"

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema, macho mlangoni.

Bibi! Viatu vimejaa tope, mkononi kabeba ndizi mbivu.

"Marahaba, mwalimu. Ulivyonipigia kunipa pole ya miguu, nikasema nije uione hiyo miguu."

Mwalimu akauliza polepole, kama anayeomba, "Mama, haya aliyosoma ni maneno yako?"

Nikamkonyeza bibi. Nikaunganisha viganja kumsihi. Nadhani hata mwalimu alitamani jibu liwe ndiyo.

Bibi akaniangalia sana.

"Ni matamu, mwalimu. Yangu hayana utamu huo. Jumamosi nilimngoja, loshoro nikaila mwenyewe. Na babu yake tulimzika huyu akiwa bado tumboni."