Matanga ya Tamar

Mzee Reuben Adler alikuwa na kichwa kigumu, na alijisifia ugumu huo. Binti yake Tamar alipoolewa na Eddie, Mkenya, tena Mkristo, mzee alifanya kile ambacho babake angefanya kule Nakuru walikokuwa na duka. Alirarua kola ya shati lake, kama Wayahudi wafanyavyo matangani, akafunika vioo vyote vya nyumba yake ya Stanmore, London, kisha akaketi kwenye kigoda siku saba akimlilia mtu mzima mwenye afya yake. Wayahudi wenzake walimwambia siku hizi hakuna anayemkalia matanga mtoto aliye hai. Hakusikia la mtu. Tangu hapo hakumsemesha Tamar, wala jina lake halikutajwa mle ndani.

Basi uzee ukaja, moyo ukaanza kumsumbua, na sasa akataka kusema na mwanawe kabla hajafa. Alitaka kweli kweli. Lakini mtu uliyemzika mwenyewe utamwanzaje? Aliyejua hamu yake ni Serah peke yake, mama wa Kikenya aliyekuja kumwogesha na kumpikia, kwa kuwa naye mzee alizungumza Kiswahili cha utotoni mwake.

Siku moja Daisy, binti wa Tamar, alipiga simu nyumbani kwa mzee, Serah akaishika, naye akasema kwa Kiingereza chake cha haraka haraka. Angeigiza kwenye mchezo wa nyimbo chuoni kwao. Tafadhali amlete babu, na mama asiambiwe kwamba babu atakuja.

Mchezo ulimhusu fundi cherehani wa Kiyahudi, London ya zamani, na binti yake aliyetoroka na kuli Mwairishi. Daisy ndiye alikuwa huyo binti. Fundi alifunika vioo, akalia, na nyuma ya Mzee Reuben vijana wakacheka. Mwishoni fundi akavivuta vile vitambaa vya vioo, akaimba, akamkumbatia mwanawe, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi.

"Uongo mtupu!" mzee alifoka. "Wimbo mmoja tu, yamekwisha?"

"Mzee, pangusa machozi kwanza," Serah alimwambia. "Mama Daisy yuko pale mlangoni."

Tamar alikuwa amesimama na maua mkononi, nywele zimejaa mvi. Mzee alimkazia macho, na hata hapo, kwa ukaidi aliouzoea, akamgeukia Serah.

"Mwambie amefanana na mamake."

Serah hakuhitaji kusema. Kwa miaka yote aliyoishi na Eddie, Tamar alikuwa amekijua Kiswahili vizuri. Uso wake haukubadilika.

Ndipo mzee akajikaza, akalitoa lile jina. "Tamar. Mwanangu, twende nyumbani."

Tamar hakumtazama. Alimtazama Serah, akasema naye kwa Kiswahili.

"Eddie alipofariki mwaka jana nilipiga simu. Ni wewe uliyeishika?"

Serah aliinamisha kichwa. Alikumbuka vizuri jinsi mzee alivyompungia mkono: kata, kata.

"Vioo nilivifunika peke yangu," Tamar alisema. "Nikakaa chini nikingoja baba yangu aje akae nami, hata kwa saa moja. Kila mlango ulipogongwa nilidhani ni yeye."

"Tamar," mzee alisema tena, sauti imemkatika.

"Dada, nisaidie. Mwambie mzee binti yake alikufa, na matanga alimkalia mwenyewe. Mimi nimekuja kumchukua mtoto wangu."

Akapita kati yao akaenda nyuma ya jukwaa. Serah alibaki ameshika mkongojo wa mzee. Hakukuwa na haja ya kurudia neno lolote. Hata kiziwi angesikia.

"Amesema nini?" mzee aliuliza.

"Mzee, umemsikia."

"Niambie wewe."

Serah akamwambia yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili.