Risasi ya Kumi na Tano

Mume wangu Tom alikuwa na bastola yenye leseni. Aliipata mwaka ule majambazi walipomvamia dukani kwake Kondele, na tangu hapo hatukupumua kwa sababu ya kile kitabu chake. Kila risasi aliyonunua iliandikwa humo, na muuzaji hakumpa nyingine mpaka arudishe ganda la ile aliyotumia. Nilikuwa nikimtania kwamba anazitunza risasi kuliko anavyonitunza mimi. Alipofariki, kitabu kilisema kumi na tano.

Tulimzika nyumbani, karibu na ziwa. Kesho yake tukafanya tero buru, kukifukuza kifo kitoke bomani. Vijana waliswaga ng'ombe, wengine wakapanda bodaboda na kuzingurumisha mpaka mabomba ya moshi yakawa yanalipuka. Mjane naye huvaa nguo za mumewe na kubeba silaha yake. Nilivaa koti la Tom. Mkuki hakuwahi kuwa nao, kwa hiyo shemeji yangu Opiyo akanitia bastola mkononi. Nilikuwa na hasira, hasira ya kuachwa. Nikanyoosha mkono kuelekea ziwani, nikafyatua. Katika kelele zile hakuna aliyegeuka ila Opiyo.

Ufuoni, nyuma ya matete, Elsie alikuwa akigeuza omena juu ya wavu kwa ufagio. Yeye na mumewe Wandera walitoka Busia kutafuta riziki. Watu walimkuta Elsie amelala juu ya samaki, risasi kifuani. Na kwa kuwa majirani walikuwa wamewasikia wakigombana siku iliyotangulia, polisi wakamchukua Wandera.

Tangu siku hiyo nasikia ufagio ukipita juu ya wavu, polepole, kama mtu mwenye siku nzima ya kufanya kazi ile. Natoka kuangalia, ufuo ni mtupu. Nikisonga ugali nausikia. Kanisani nausikia katikati ya sala. Koti nimelifua mara nne na bado sithubutu kulikunja. Naogopa, na ninayemwogopa ni mwanamke ambaye sikuwahi hata kugombana naye.

Wiki ya tatu ilibidi niirudishe bastola na risasi zake kituo cha polisi Kisumu. Asubuhi hiyo Opiyo alinitia risasi moja kiganjani.

"Mama Akinyi, sasa hesabu imetimia," alisema.

Kuna jamaa alikuwa amemuuzia, bila kitabu, bila kumwuliza hata jina, imefungwa kwenye kipande cha gazeti kama njugu.

"Na Wandera?"

"Huyo atatoka tu, hawana ushahidi. Wewe ukifungwa, hawa watoto watakula kwa nani?"

Nina watoto watatu, na yule mdogo bado anauliza baba atarudi lini. Niliichanganya ile risasi na zile kumi na nne, na papo hapo hata mimi sikuweza kuitambua.

Langoni tulimkuta Nelima, mama yake Wandera, amekaa chini na kikapu cha chakula cha mwanawe. Aliponiona aliinuka, akanishika mikono yote miwili.

"Pole kwa mzee, mama. Usione tulikosa matanga. Elsie alisema akimaliza tu kuanika hiyo omena, anakuja kukusalimia."

Nilimwitikia sijui nini. Opiyo akanivuta mkono tukaingia.

Kaunta ilikuwa na askari msichana, Valarie, mpole wa sauti. Alimimina risasi kwenye sinia, akazihesabu kwa ncha ya kalamu, mara mbili, kisha akafungua kitabu cha Tom.

"Kumi na tano. Iko sawa, Mama. Wengine wanakuja hapa hesabu haishikani hata kidogo. Mzee alikuwa makini. Weka sahihi hapa."

Nilishika kalamu. Kumaliza jambo lile kulihitaji jina langu tu, halafu ningekwenda nyumbani kwa wanangu. Nyuma yangu Opiyo alikohoa.

"Moja hapo si yetu," nikasema.

Valarie alizitazama tena. "Lakini imetimia, Mama."

"Zetu ni kumi na nne. Ya kumi na tano mnayo ninyi. Daktari aliitoa mwilini mwa Elsie."

Opiyo alikuwa ameshafika mlangoni. Valarie hakumwita. Alivuta karatasi nyingine, akainyoosha kwa kiganja, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyefyatua. Nikamtajia jina langu lote, la ubatizo, la baba na la mume, polepole, ili asikosee kuandika.