Kontakta ya Kumnyamazisha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mbishi wa kuzaliwa, lakini siku ile alipitiliza. Mashine yake ya kukereza vyuma ilikuwa imeunguza swichi zake za zamani, na bila mashine ile kwa dada hakupikwi kitu. Hakuna mwingine nyumbani anayeiweza. Mimi ni fundi umeme, nikamfungia inveta, kile kifaa cha kuongoza kasi ya mota. Yeye akang'ang'ania kontakta, ile swichi ya sumaku ya kizamani.

"Nirudishie tak yangu," akasema.

Zamani akibonyeza kitufe cha kuzima, kontakta inaachia, tak, breki inakamata, na mashine inasimama papo hapo.

"Shem, nikiiweka kati ya inveta na mota, ukikata umeme mota ikiwa kasi, inveta inaungua. Utanunua nyingine wewe?"

"Sitaki hotuba. Nataka tak."

Khaa! Tangu asubuhi wimbo ni huo huo. Mwishowe nikachoka. Nikachukua kontakta kuukuu, nikaifunga pembeni ya boksi, nikaiunganisha na kitufe cha kuzima. Haikati umeme wa mota hata kidogo. Inalia tu, basi. Mtoto kapewa pipi, nikajisemea, sasa atanyamaza. Inveta nikaipangia isimamishe mota taratibu.

"Haisimami ghafla kama zamani," nikamwambia. "Utaiona mwenyewe."

"Sawa, sawa."

Akafunga kipande cha chuma, akawasha. Mota ikazunguka kimya kimya, raha tupu. Akabonyeza kuzima. Tak! Uso ukamchanua. Akapeleka mkono moja kwa moja kwenye kichwa cha mashine, pale kinaposhikwa chuma, na kichwa bado kinazunguka.

Nilimrukia. Nikamvuta kwa ukosi wa ovaroli, tukaanguka wote juu ya mabaki ya chuma kilichokerezwa. Mkono wa ovaroli ulikuwa umechanika mpaka kiwikoni. Ngozi iliponea chupuchupu.

"Una wazimu wewe? Huoni inazunguka?" nikamfokea.

Akabaki amekaa pale chini.

"Sioni, shem. Katikati ni ukungu mtupu. Pembeni ndiko napata kidogo. Vipimo napapasa, mashine naisikiliza."

Mtu alikuwa anafanya kazi kwa masikio, na mimi nimemwekea mlio wa uongo ili anyamaze.

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Tafadhali, usimwambie dada yako. Ataniondoa hapa, halafu watoto wale nini?"

Mimi jambo kama hilo siwezi kulifungia mdomo, na hata ningeweza, tulikuwa tumechelewa. Dada alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, na alikuwa amesikia yote. Nikainuka, nikazima swichi kuu, nikajiandaa kwa kelele, maana dada yangu akiwaka hazimiki.

Hakupiga kelele. Aliweka birika sakafuni, akapiga magoti mbele ya mumewe.

"Muda wote huo huniangalii usoni," akasema. "Mimi nilijua umenichoka."

Dada akamshika mashavu, akamgeuza kichwa kidogo.

"Hapa unaniona?"

"Bado."

Akamgeuza tena.

"Na hapa?"

"Hapo," shemeji akasema, akaanza kulia.