Mguu Uliozikwa Nchi Nne

Mguu wa kushoto wa Mzee Uriah Pinnock, baba yake bibi yangu, ulizikwa katika nchi nne. Ulizikwa Ufaransa, kando ya handaki lililojaa matope. Ulizikwa Misri, mchangani, baada ya yeye kumfukuza Mturuki mmoja mwenye mbio za ajabu. Ulizikwa nje ya lango la Yerusalemu, na hadithi hiyo ndiyo iliyopendwa kanisani. Mara mojamoja, akishapiga glasi zake za ramu pale dukani kwa Mchina, ulizikwa Mesopotamia, na nadhani hapo alipenda tu jinsi jina lile linavyojaa mdomoni. Kila mara palikuwa na mzinga wa vita uliomkata, na mzinga wa leo ulikuwa mkubwa kidogo kuliko wa wiki iliyopita.

Mimi sikumkuta. Nilichokikuta ni mguu wake wa mti, aliouchonga mwenyewe kwa mkangazi, umesimamishwa nyuma ya mlango wa chumba cha bibi, unang'aa kwa mafuta, na ole wake mtoto ambaye angeutundikia kofia. Hadithi nilizipata kwa bibi Icilda, aliyezisimulia zote nne bila kuona tatizo lolote. Kwake tatizo halikuwepo kwa sababu jambo kubwa lilikuwa moja tu: baba yake alijitolea. Hakukamatwa, hakusukumwa. Alitoka hapa kijijini kwetu Lancewood asubuhi na mapema, akashuka hadi mjini Black River, akapanga foleni na vijana wengine wa Jamaika, akaandikisha jina katika kikosi cha askari wa miguu wa kujitolea, aende Vita Kuu ya Kwanza kumpigania mfalme wa Uingereza ambaye hakuwahi kumtia machoni.

"Alikwenda kwa miguu yake miwili," bibi alikuwa akisema.

Mwaka 1974 kanisa letu likaamua kuweka ukutani bamba la marumaru lenye majina ya wanaume wa Lancewood waliokwenda na kikosi kile. Kila familia ilete jina la mtu wake, na pembeni yake mahali alipojeruhiwa au alipofia. Bamba lenyewe halikuwa kubwa, kwa hiyo kila mtu alipewa mahali pamoja tu. Kikao kilifanyika baada ya ibada, na karani wake alikuwa Bwana Egbert Swaby, mzee wa kanisa, mtu mwema ambaye ulimi wake ulimtangulia kila alipokwenda.

"Sasa, dada Icilda," alisema, penseli juu ya sikio. "Fundi anachonga kwa patasi, si kwa chaki. Tuandike Yerusalemu au Misri? Au tuweke tu 'alijeruhiwa duniani', tuwe salama?"

Watu walivunjika mbavu. Hata mchungaji alijifanya anakohoa. Bibi, ambaye kwa kawaida angemrudishia Swaby maneno mpaka ajute, aliinuka akachukua mkoba wake.

"Nipeni mpaka Jumapili ya Mavuno," akasema.

Tulirudi pamoja mpaka penye lango letu. Hapo akasimama, mkono juu ya mti wa lango.

"Verona, kumbe wananicheka siku zote?"

"Wanatania tu, bibi."

"Hawanitanii mimi. Wanamtania yeye." Akavuta pumzi. "Nina miaka sitini na minne. Nataka kujua baba yangu aliuacha wapi mguu wake. Kama alinidanganya, nataka kujua hilo nalo, maana nimemsimulia kwa kila mtu, na sijui tena huyo niliyemsimulia ni nani."

Leo mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa bibi siku ile, na bado nikipita penye lango lile nayasikia maneno hayo. Wakati huo nilikuwa msichana wa simu katika posta ya Mandeville, kazi ya kuunganisha nyaya na kusikia mambo ya watu, na nilidhani kutafuta mtu ni kupiga simu. Nikapiga Kingston. Bwana mmoja mpole wa ofisi ya kumbukumbu aliniambia karatasi za kikosi kile zilipelekwa ng'ambo zamani, na nyingi ziliungulia huko huko. Nikamshukuru, nikaanza kuwauliza wanaojua zaidi, yaani wauza viazi vikuu wa sokoni. Wiki haikuisha kabla ya kupata jibu. Mama mmoja, akinifungia kiazi changu, aliniambia ana mjomba wake huko Balaclava, karibu na stesheni ya treni, aliyekwenda na kikosi hicho hicho. "Na alikwenda na kijana mmoja wa huko kwenu Lancewood," akasema. "Ila mjomba usimkimbize. Anatembea kama bata."

Tulimkuta Mzee Hezron Tulloch barazani kwake akicheza dhumna peke yake, na nilivyomwangalia niliona kabisa kwamba alikuwa akijiibia.

"Shikamoo, baba," bibi alisema.

"Marahaba. Kama mmekuja kuniokoa, mmechelewa. Wenzenu wameniokoa asubuhi."

"Mimi ni binti yake Uriah Pinnock."

Mzee aliiacha kete yake hewani. Akamtazama bibi kuanzia kofia hadi viatu, na uso wote ukaanza kufunguka.

"Wewe ndiye Icilda? Mwanangu, jina lako tulilisikia melini mpaka tukalichoka. Icilda kaota jino, Icilda kaimba kanisani. Tukamwambia, Uriah, vita vikiisha huyo mtoto tutamlea sote, lakini sasa hivi tuache tulale."

Bibi alicheka, kisha akaketi bila kukaribishwa. Nilimwona akikusanya moyo. Kisha akauliza kile kilichomleta: ni katika mapigano gani baba yake alipokatika mguu.

"Mapigano?" Mzee Hezron aliiweka kete chini taratibu. "Binti, sisi vitani hatukufika."

Akatueleza. Walipanda meli Kingston mwezi wa tatu, mwaka 1916, wamevaa kaki za pamba, nyepesi kama za kwenda shamba. Njiani nahodha akapewa amri ya kugeuza kuelekea kaskazini, Halifaksi, kule Kanada, na huko tufani ya theluji ikawakuta bado wamevaa vile vile. Nguo nzito zilikuwemo melini, zimefungwa, na hakuna aliyetoa ruhusa zifunguliwe. Theluji ilipoanza kuanguka walikimbia wote juu kuichezea kama watoto. Walikuwa hawajawahi kuiona. Walifungua midomo wakaidaka kwa ulimi. Uriah aliishindilia kwenye kopo lake la tumbaku ili amletee mwanawe Icilda, na kesho yake alipokuta maji alitaka kupigana na Hezron, akidai ameila.

"Siku ya pili hatukucheza tena," mzee alisema. "Na jambo baya la baridi ile ni kwamba inauma, inauma, halafu haiumi. Ukifika hapo unafurahi. Unasema, afadhali. Unausahau mguu. Ukija kuukumbuka umekuwa mweupe kama nta, halafu mweusi, halafu daktari anakuja na msumeno. Tulikuwa wengi mno, mwanangu. Wengine hawakushuka hai."

"Baridi," bibi akasema, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kilichochacha. "Mzee Hezron, nakuheshimu kwa umri wako. Baridi inakula mguu wa mtu mzima?"

"Mama yangu aliniuliza hivyo hivyo. Akanizaba kofi, mimi nimesimama juu ya magongo."

Akainama, akafungua kamba za viatu vyake. Ndani ya kila kiatu, mbele, palikuwa na kipande cha mti kilichozungushiwa kitambaa. Miguu yake iliishia katikati, mviringo, laini, bila kidole hata kimoja. Bibi aliitazama kwa muda mrefu, na mzee akamwachia aitazame.

"Mizinga ilitoka wapi, basi?"

"Ilitoka kwenu." Hakusema kwa ukali. "Nilirudi nikasema baridi, wakacheka. Nikarudia, wakaniita mwongo, kwamba nimeanguka mlevi bandarini Kingston. Siku niliyosema mzinga, mama alilia, jirani akaleta jogoo. Nikakutana na Uriah mnadani Santa Cruz, nikamkuta naye ana mzinga. Akaniambia, 'Hezron, hawa watu tunawapenda. Tuwape kitu wanachoweza kukiamini.'"

Bibi alimshika mkono, akamshukuru, akasema basi letu litatuacha. Lisingetuacha. Nilimfuata tu.

Ndani ya basi alikaa dirishani. Tulipofika Santa Cruz, badala ya kuvuka kwenda kupanda gari la Lancewood, alikata kulia akaingia soko la samaki. Nilidhani anataka samaki wa jioni. Akaenda moja kwa moja hadi kwa mama mmoja aliyekuwa na sanduku kubwa la bati, ndani yake bonge la barafu limefunikwa gunia. Akalifunua gunia. Akavua kiatu, akavua soksi yake nzuri ya kanisani, akakalia kreti na kuukandamiza mguu wake mtupu juu ya barafu.

"Mama," muuzaji alisema, "hiyo barafu ya samaki."

"Nami ni mla samaki. Niache."

Watu wakaanza kukusanyika. Kijana mmoja akauliza kama yule bibi amelewa, nikamtolea macho akaondoka. Bibi alikunja uso. Machozi yakamlenga, lakini mguu hakuutoa.

"Inauma, Verona."

"Basi toa, bibi. Tafadhali."

Hakutoa. Nilipiga magoti mbele yake pale kwenye maji ya samaki, nikiwa nimevaa sketi yangu ya kazini, nikaushika ugoko wake. Ulikuwa umekakamaa. Nikahisi jinsi ulivyolegea kidogo kidogo mkononi mwangu, na uso wake nao ukalegea.

"Sasa haiumi," akasema.

Nikauvuta mguu kwa nguvu zangu zote. Unyayo ulikuwa umepauka, na nilipoubonyeza hakuhisi kidole changu. Muuzaji samaki, bila mtu kumwambia, alivua aproni yake akaja kuufunika na kuusugua, akinung'unika kwamba wazee wa siku hizi ni mtihani. Bibi alikuwa akiangalia mbali, juu ya vichwa vya watu.

"Baba alisema," akaniambia. "Nilikuwa na miaka sita. Alirudi na magongo, watu wa barabara nzima wakajaa uani kwetu, mimi niko mapajani mwake, kwenye paja la mguu uliobaki. Akawaambia ni baridi. Wakacheka, Verona, walicheka mpaka mjomba wangu akaanguka kwenye ngazi. Nami nikacheka. Nikamshika kidevu nikamwambia, 'Baba, sema kweli.'"

"Ulikuwa mtoto, bibi."

"Alinitazama. Hivi, kwa muda. Kisha akasema, 'Haya, mwanangu. Ulikuwa mzinga.'"

Hapo ndipo alipolia, mbele ya soko zima, akiwa na soksi moja. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda bibi yangu saa ile. Nilimvalisha soksi yake, na muuzaji samaki akatupa vibua wawili bure, maana naye alikuwa akilia ingawa hakujua tunalia nini.

Jumapili ya Mavuno kanisa lilikuwa limepambwa migomba na mashelisheli, na kikao kilijaa kuliko siku zote, kwa sababu Lancewood nzima ilijua Icilda Pinnock alikuwa amekwenda kutafuta ukweli. Bwana Swaby alisoma majina yaliyokwisha kupatikana. Palestina. Ufaransa. Misri. Akafika kwetu, akachukua penseli sikioni.

"Uriah Pinnock. Dada Icilda, tumekuwa wavumilivu."

Bibi alisimama. Alikuwa amevaa kofia yake ya bluu, ile ya mazishi na harusi.

"Halifaksi," akasema. "Kanada."

Swaby aliandika nusu, akainua kichwa. "Huko kulikuwa na vita gani?"

"Hakukuwa na vita. Kulikuwa na baridi. Ilimla mguu melini, kabla hajafika."

Kisha mtu mmoja viti vya nyuma akatoa sauti ya pua, na ikawa kama kufungua bomba. Walicheka wazee, wakacheka waimbaji wa kwaya, Bwana Swaby alijaribu kujizuia akashindwa, akauegemeza uso wake juu ya orodha, mabega yakimtikisika. "Baridi!" mtu alisema. "Uriah huyo! Hata kaburini anatuongezea ya tano!" Damu ilinichemka nikainuka, lakini bibi alinivuta sketi nikakaa. Yeye hakukaa. Alisimama pale pale, mikono juu ya mkoba, akiwatazama mmoja mmoja, watu aliokua nao, bila hasira yoyote usoni.

"Chekeni," akasema. "Hata mimi nilicheka."

Akawangoja. Aliwangoja mpaka wa mwisho wao alipofuta macho na kukohoa na kutulia kwenye kiti. Kisha akaanza tangu mwanzo, polepole, kuanzia asubuhi ile baba yake alipotoka Lancewood kwenda kujiandikisha.