Simu Iliyofika Sericho

Asubuhi hiyo Mumina Bonaya alifungua duka la simu za Kipanga kama kawaida. Aliinua mlango wa chuma, akapangusa vumbi kwenye kabati la kioo, akatoa spika nje. Ng'ambo ya barabara, Kajuju alikuwa akifanya hivyohivyo mbele ya duka la Tausi. Kampuni hizo mbili ziliingia Isiolo mwaka mmoja, na tangu siku hiyo hazikupumzika. Kipanga ilipaka jengo lake rangi ya machungwa kutoka msingi hadi paa. Tausi ikapaka lake zambarau, kisha ikapaka na kibanda cha kinyozi wa jirani, duka la dawa na kibanda cha miraa. Kipanga ikileta betri ya siku nzima, Tausi huleta ya siku mbili. Spika zilishindana kutwa, lakini wauzaji wenyewe walikuwa marafiki. Chai ya saa nne waliinywa kutoka chupa moja, maandazi ya Kajuju, maziwa ya ngamia ya Mumina.

Mwaka huo vita vilikuwa vya kamera. Kila simu mpya ilivuta mbali kuliko iliyotangulia, na mabango yalionyesha mwezi ukiwa mkubwa kama sinia. Basi Kipanga walipoleta simu yao mpya, Mumina alisimama mlangoni kuijaribu kabla wateja hawajafika. Aliielekeza mashariki, akavuta picha kwa vidole viwili. Akaona kituo cha mafuta. Akavuta tena, akaona uwanja wa ndege na uzio wake. Picha ilikuwa bado safi, kwa hiyo akaendelea kuvuta. Barabara ilipita, Kula Mawe ikapita, Garba Tula na minara yake ikapita, kisha nchi ikawa tambarare na nyekundu, na mwisho wake palikuwa na Sericho. Mbele ya nyumba ya mikeka, mwanamke mwenye shela ya kijani alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa. Alikuwa Sadiya, mama yake Mumina.

Mumina alipangusa kioo kwa ncha ya mtandio, akatazama tena. Mishipa ya mikono ya mama yake ilionekana. Nzi aliyetua kwenye kibuyu alionekana, na miguu yake. Hakuwa amemwona mama yake tangu mvua zilipokatika, kwa kuwa magari ya kwenda huko ni ya kubahatisha na huko mtandao haushiki. Alisimama pale jua likipanda, hata mteja wa kwanza akaingia bila kusalimiwa.

"Salaam aleikum," alisema mteja, mzee mmoja wa soko la mifugo aitwaye Waqo. "Unaangalia nini?"

"Aleikum salaam, mzee. Naangalia mama. Yuko Sericho."

Waqo aliinama, akatazama. "Ni yeye," alisema. "Amekonda. Hiyo betri inakaa?"

"Inakaa, mzee."

Akainunua.

Kufikia Ijumaa watu walikuwa wakija kutoka Bulla Pesa na mitaa mingine kuangalia kwao. Waliingia na kelele za barabarani, lakini wakishika simu sauti zao zilishuka zenyewe, kama watu waliovua viatu mlangoni mwa msikiti. Mwanamume mmoja aliwatazama mbuzi wake wakipanda ukingo wa laga, ule mto mkavu, huko Korbesa, akawataja mmoja mmoja. Mchukuzi wa soko alimwona mtoto wake akijifunza kutembea. Hakuna aliyepiga kelele. Waliuliza kama simu inakuja na chaja, wakalipa, wakatoka nje polepole wakiielekeza mashariki.

Lakini jicho likishaona halichagui. Waliona pia visima vilivyochimbwa hadi mtu wa chini akawa haonekani, na ndoo ikipanda na tope. Waliona ng'ombe waliolala wasioinuka. Mumina alimwona mama yake akipiga viganja juu ya mchanga mkavu na kupaka uso, maana maji ya kutawadha hayakuwepo.

Wakati huo kulikuwa na lori la maji, lililotengwa kwa ajili ya ukame. Liliondoka mjini kila wiki likiwa limejaa, likidondosha matone barabarani, limeandikwa SERICHO ubavuni kwa herufi kubwa. Wiki hiyo watu wenye simu walilisindikiza kwa macho. Walisimama juu ya mapaa, kwenye ngazi za benki, kando ya soko, wote wakigeuka pamoja kadiri lori lilivyokwenda. Kabla ya Kula Mawe lilikata kona, likaingia kwenye lango la hoteli iliyokuwa ikijengwa, likamwaga maji yote ndani ya shimo lililopigwa vigae vya buluu. Dereva alinawa uso, akageuza gari.

Mumina alichukua simu ya maonyesho akaenda nayo moja kwa moja kwa Bwana Umuro, aliyesimamia lori hilo. Alimkuta ofisini, feni ikizunguka.

"Mzee, lori halijafika Sericho."

"Lori liko barabarani, binti yangu. Ile barabara si unaijua."

"Liko hapa. Tazama."

Umuro alivaa miwani, akatazama. Alilitazama lori, lango, lile shimo la buluu. Alivuta picha kwa vidole, akaona vigae, akaona hata mistari kati ya vigae.

"Hii kamera ni kali," alisema mwishowe. "Ni ya kampuni gani?"

"Ya Kipanga. Lakini, mzee, si unaona maji?"

"Naona. Picha ni safi kabisa." Akamrudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima. "Iko ya rangi ya fedha? Mke wangu anapenda ya fedha."

Mumina alirudi dukani kwa miguu. Njiani hakulia, kilio kilimjia alipofika kwa Kajuju, akakaa juu ya boksi la simu. Kajuju alizima spika yake, jambo ambalo kampuni ilikataza, akammiminia chai, akamsikiliza.

"Nawe ukamwonyesha?"

"Nilimwonyesha."

"Na akaona?"

"Aliona yote, Kajuju. Sasa anataka moja."

Tausi hawakukubali kushindwa. Simu yao iliyofuata ilivuta mbali vilevile, na tena ilileta sauti. Kajuju alivuka barabara kabla hata hajaipanga kabatini. "Hii uanze nayo wewe," alisema, na Mumina akaielekeza mashariki.

Alisikia upepo kwanza. Kisha kengele ya mbao ya ngamia. Kisha mama yake akikohoa.

"Mama," aliita Mumina.

Sadiya aligeuka, akatazama juu kidogo, upande wa mji, kama mtu aliyeitwa na jirani. "Mumina. Mbona husemi kama umekula?"

"Nimekula, Mama. Maji yamekuja?"

"Maji itatoka wapi? Tumesikia lori, hatujaliona." Akatengeneza shela. "Darara amekufa jana. Yule ngamia tuliyekutengea kwa arusi yako. Alilala akielekea kisimani."

"Mama, njoo huku mjini. Nitatafuta gari."

"Nikija huko, hawa waliobaki watafuata nani?" alisema Sadiya.

Wakazungumza hivyo kila asubuhi. Kipanga walijibu kwa simu iliyoleta joto. Ukiishika ikielekea Sericho, uso wako unaungua na midomo inakauka. Tausi wakaleta inayotoa vumbi. Simu ziliuzwa kuliko mwaka wowote. Watu walinunua ile mpya ili waione kiu vizuri zaidi, na kweli waliiona vizuri zaidi. Kisha ikafika asubuhi ambayo Sadiya hakutoka nje. Mumina alivuta picha hadi ndani ya nyumba ya mikeka, akamkuta amelala ubavu, midomo imepasuka, kinywa wazi.

"Mama."

Sadiya alifungua macho, lakini sauti haikutoka.

Mumina aliinua mtungi aliokuja nao kutoka Bulla Pesa, maji ya kupikia ya siku hiyo, akamimina juu ya kioo cha simu, juu ya uso wa mama yake. Maji yaliteleza, yakamwagika mezani, yakaingia chini ya kabati. Akachukua ile simu ya Tausi, akamimina tena. Yakateleza vilevile. Kampuni hizo zilikuwa zikibishana juu ya kila kitu isipokuwa hili: simu zote mbili hazikuingia maji, na mabango yote mawili yalisema hivyo. Alisimama katikati ya dimbwi, viatu vimelowa, mama yake akimtazama.

Ndipo Waqo akaingia, simu yake mkononi. Ngamia alikuwa ameikanyaga sokoni, na ufa mrefu ulikipasua kioo kutoka kona hadi kona.

"Itengeneze, binti. Bado inaona, lakini inakata watu vipande."

Mumina aliishika kwa mikono iliyolowa, akaielekeza mashariki hadi ndani ya nyumba ya mikeka. Tone moja lilitiririka kwenye kidole chake, likafika kwenye ufa, likazama. Waliliona wote wawili likianguka, likiwa jeupe katika giza la ile nyumba, likampiga Sadiya juu ya mdomo. Sadiya alilamba.

"Imepita," alisema Waqo.

"Imepita," alisema Mumina. "Mzee, nipe hiyo simu kwa muda."

"Kaa nayo."

Alimwita Kajuju. Kajuju alishika simu sawa juu ya beseni tupu, Mumina akamimina kwa kikombe, polepole, kufuata mstari wa ufa. Maji yaliingia ndani ya kioo bila kuacha hata unyevu, na upande wa pili yakashuka kama uzi wa fedha kutoka hewani, yakaingia kinywani mwa Sadiya. Alikunywa macho amefumba. Alipotosheka aligeuza uso, maji yakaanguka kwenye udongo, na harufu ya udongo uliolowa ikapanda kupitia ufa, ikajaza duka. Watu waliokuwa wakipita barabarani walisimama. Wengine walivua kofia. Harufu hiyo Isiolo ilikuwa haijaisikia kwa misimu mingi.

"Yana chumvi kidogo," alisema Sadiya. "Ni maji ya Bulla Pesa?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni matamu."

Akajikokota hadi mlangoni, akamsogezea jirani bakuli, na jirani akakinga.

Habari zilienea bila spika. Wanawake wa Bulla Pesa walileta simu zilizopasuka na mitungi yao, hata wale ambao maji huwafikia mara mbili tu kwa wiki. Mafundi wa kubadilisha vioo walikosa kazi. Kampuni, zilipoona hivyo, hazikukaa nyuma. Kwanza Kipanga walitangaza kubadilisha vioo vilivyopasuka bure, na watu wakakataa. Kwa hiyo Tausi wakatoa simu yenye ufa wa kiwandani, ulionyooka, wa bei ya juu. Kipanga wakatoa yenye nyufa mbili. Mabango yalionyesha mtoto akicheka chini ya uzi wa maji, na chini yake maelezo ya rangi zilizopo.

Bwana Umuro alikuja dukani mwenyewe, amevaa suti. Alinunua ya nyufa mbili, ya fedha, kisha akamsalimu Mumina kwa upole.

"Binti yangu, umetusaidia sana. Nimewaambia wakubwa kwamba Sericho sasa inapata maji kwa simu. Hilo lori tumeliondoa huko, lisipoteze mafuta."

"Mzee, lori halikuwa likifika huko."

"Basi hamtaona tofauti," alisema Umuro, na alisema kwa nia njema kabisa.

Wiki iliyofuata hoteli ilifunguliwa. Ukisimama mlangoni pa duka na kuvuta kidogo tu, usifike hata Kula Mawe, ungeona watu wakiogelea kwenye maji ya buluu. Hakuna aliyevuta hapo. Walikuwa na kazi.

Mumina alikuwa akimimina tangu alipofungua. Upande wa kule, mbele ya nyumba ya mikeka, Sadiya alikuwa amesimama kwa miguu yake, mkono kiunoni, akipanga watu: wenye watoto mbele, wenye ngamia nyuma, na yule wa kutoka mbali apishwe kwanza. Foleni yao ilianzia chini ya ule uzi wa maji, ikapita kisima kilichokauka, ikapotea ndani ya mavumbi. Upande wa huku foleni ya wateja ilitoka dukani, ikavuka barabara, ikafika mlangoni kwa Kajuju. Foleni mbili zilitazamana kupitia ufa usiozidi unene wa unywele.

"Dada," aliita mteja mmoja kutoka nyuma, "hiyo mpya inauzwaje?"

Mumina alimtajia bei bila kuinua macho, akabadilisha mkono uliochoka, akaendelea kumimina.