Bendera Iliyongoja Jibu

Kitavi na Musembi walifanya kazi katika meli moja miaka kumi na tisa, na walipostaafu wakajenga Uthiru, nyumba zikitazamana. Kila mmoja alisimamisha mlingoti wa bomba juu ya paa na kupeperusha bendera ya buluu iliyoshonwa Ngara. Asubuhi walisalimiana kibaharia: mmoja anateremsha bendera hadi nusu, mwenzake anateremsha yake na kuipandisha tena, ndipo wa kwanza naye anapandisha. Usipojibiwa, hupandishi. Wazee hawa waliishika desturi hiyo kuliko dini.

Ikaja harusi ya Stellah, bintiye Kitavi, kule Kileleshwa. Kitavi alikuwa amewajaza wakwe maneno kwamba melini alishika usukani. Musembi, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akasimama na kuzisifu chapati ambazo Kitavi aliwapikia mabaharia miaka yote hiyo. Wakwe walicheka mpaka machozi. Upishi ni kazi ya heshima, nani asiyejua, lakini Kitavi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kesho yake bendera ya Musembi ilishuka nusu. Kitavi aliiona, akaendelea kunywa chai yake. Siku ya pili, ya tatu, ya tisa, bendera i pale pale, imelowa mvua. Majirani waliulizana nani amefariki. Kitavi alijua hakuna aliyefariki; alikuwa anaombwa msamaha. Akajiambia atajibu Jumapili.

Jumamosi Musembi alianguka bafuni, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali.

Waombolezaji waliisifu bendera ile, wakisema familia inajua kuomboleza. Selpher, mjane wake, akamvuta Kitavi kando.

"Hiyo siku ya mvua nilitaka kuipandisha," alisema. "Akakataa. Akaniambia, wacha, Kitavi hajanijibu. Kwani ulikuwa unangoja nini, shemeji?"

Kitavi alivuka barabara, akapanda paani kwake magoti yakimuuma, akateremsha bendera hadi nusu, kisha akaipandisha mpaka juu kabisa. Ng'ambo, ile nyingine haikusogea.

Stellah alimwita kutoka chini. "Baba, si uteremshe tu? Watu wanasema hata huombolezi."

"Nikiteremsha, itakuwa sijamjibu," alisema Kitavi, akabaki ameshika kamba, macho kwenye mlingoti wa Musembi.