Miti Arobaini Nyuma ya Stesheni

Jumamosi ile, salongo, usafi wa pamoja wa mtaa, ilipokwisha na watu wakiwa bado na fagio mikononi, Damas, katibu wa baraza la komini, alitandika kitenge juu ya meza chini ya hema na kupanga funguo arobaini. Kila ufunguo ulikuwa na utepe na kibati cha namba. Albertine Kapinga alikuwa amenawa miguu bombani na kuvaa viatu vyake vya kanisani. Alipoitwa, alipewa namba kumi na saba, akapigwa picha ameuinua ufunguo juu, kisha akapewa Fanta.

Albertine alikuwa mjane wa Mukendi, fundi wa tanuru. Waliishi miaka ishirini katika nyumba ya kazi huko Shituru, kwenye kiwanda cha shaba, na Mukendi alipofariki, kazi ikaisha na nyumba ikaisha. Mwaka wa kumi na moja sasa alikuwa akilala kwenye stoo ya mdogo wake Reine, muuza unga. Kati ya magunia palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tena asiyejigeuzageuza. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa uzee na kwa unga, na hata yeye hakujua mpaka uko wapi.

"Na nyumba yenyewe iko wapi?" alimuuliza Damas.

"Mama, funguo muko nayo. Nyumba itakuya."

Kasoro ilikuwa ndogo. Katika kikao kimoja baraza lilikuwa limepitisha maamuzi mawili. La kwanza, wajane arobaini wa kiwanda wajengewe nyumba katika bustani ya nyuma ya stesheni. La pili, bustani ya nyuma ya stesheni, yenye mijakaranda arobaini, ilindwe kama eneo la kijani, *espace vert* kama wasemavyo ofisini, na pasijengwe kitu humo milele. Yote mawili yalipigiwa makofi, maana yalikuwa mazuri, na chakula kilikuwa kinapoa. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Wahenga hawakuwahi kukaa barazani.

Jumatatu Albertine alikwenda bustanini kutazama. Mpimaji alikuwa amepaka namba kwa rangi nyeupe kwenye mashina, kila kiwanja na mti wake. Chini kidogo ya kumi na saba palikuwa na tundu la ufunguo. Aliutia ufunguo, ukazunguka mara mbili kwa ugumu wa kufuli jipya, na gome likafungukia ndani. Alifuta miguu, akaingia.

Ilikuwa nyumba kama ilivyoandikwa katika uamuzi: vyumba viwili, jiko, bomba, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu. Alitazama dari kwanza, maana aliyewahi kunyeshewa hutazama dari kwanza. Haikuwa na doa. Ndipo akatazama dirisha. Halikuelekea stesheni. Lilielekea ua wake wa zamani kule Shituru, kamba ya nguo na banda la kuku vikiwa mahali pake, na saa kumi kamili Mukendi akaingia akisukuma baiskeli, amevaa bluu yake ya kazi, akainama bombani kunawa uso.

Dirisha halikuwa na komeo. Albertine alibisha kioo kwa kidole, kisha kwa mwiko. Mukendi alijifuta uso kwa kofia kama siku zote, akaketi kwenye kiti chake cha mbao.

Basi akahamia. Alipika bukari, ugali wa kwao, akilielekea dirisha, na saa kumi ikifika aliacha kila kitu. Alimsimulia habari za mtaa, nani ameoa, nani amehama kanisa, magoti ya Reine yanaendeleaje. Alimtamani. Si kwa namna ile ya mahubiri, ya kukutana tena katika mavazi meupe. Alimtamani na jasho lake na harufu yake ya asidi, alitamani ule mkono mzito uliokuwa ukitua mgongoni mwake bila neno. Kioo kilikuwa chembamba, na ndicho kilichomuuma zaidi.

Wajane wengine nao walihamia. Kila mmoja alikuwa na dirisha lake na mume wake, isipokuwa Madeleine wa namba kumi na nane. Wake alionekana katika ua asioufahamu, akimenyewa machungwa na mwanamke mwingine. Madeleine alitundika pazia zito na kusema nyumba, hata hivyo, ni nzuri.

Mwezi wa nane Damas alibisha kwenye shina, akavua kofia. Alikuwa mtu mpole, ndiyo maana alitumwa yeye.

"Mama, baraza ilikaa. Bajane bote beko na nyumba. *Donc*, projet imeisha."

"Aksanti kwa Mungu."

"Iko na jambo ya pili. *Espace vert*, kufuata loi, ile sheria, ni fasi bantu habakai. Na hapa munakaa. *Donc* haiko tena *espace vert*. Lupango zimekwisha kugawanywa."

"Hivi viwanja? Kwa nani?"

Damas alitazama ndani ya kofia. "Kwa bale ba baraza. Na bashemeki yabo."

"Na miti?"

"Miti ni nyumba zilijengwa bila ruhusa, Mama. Zitabomolewa."

Albertine alikwenda barazani kwa viatu vya kanisani. Wajumbe walikuwa tisa, kila mmoja na chupa yake ya maji.

"Minye sikatai kutoka," aliwaambia. "Mutanipa nyumba ingine ao hamutanipa, nilishazoea. Naomba paka dirisha, dirisha tu."

Mjumbe mmoja aliuliza dirisha hilo linatazama wapi.

"Kwa bwana yangu."

Walipekua orodha ya vifaa. Dirisha halikuwemo, na kisichokuwemo hakiwezi kutolewa. Mikono tisa ikapanda. Albertine aliitazama mmoja mmoja akitafuta hata mkono uliochelewa. Yote ilipanda pamoja.

Wakataji walikuja mwanzoni mwa Septemba, mijakaranda ikianza kutoa maua. Walianzia namba moja. Walipofika kumi na saba ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache, na Franck, mwenye msumeno, alimwomba mama atoke.

"Ngoja kidogo," Albertine alisema. "Bwana yangu eko karibu kufika."

Wakangoja, maana walikuwa watu wenye adabu. Mukendi aliingia na baiskeli, akanawa uso, na Franck akawasha msumeno. Kwa mara ya kwanza Mukendi aliinua kichwa. Hakumwona mkewe, alikuwa akisikiliza. Kisha akafanya kama afanyavyo mtu anayefukuzwa. Alikunja mkeka, akaanua nguo kambani, akafunga kiti juu ya baiskeli.

"Weye kaa!" Albertine alipiga kelele akigonga kioo kwa viganja. "Habafukuze weye! Ni minye!"

Mukendi aling'oa mlango kwenye bawaba, kwa kuwa mlango aliununua mwenyewe, akautwika kichwani, akatoka. Ua ukabaki na bomba peke yake. Albertine akatoka, na mti ukaangushwa.

Jioni hiyo, mti wa mwisho ulipokwisha kuanguka, kando ya ukuta wa stesheni, walikutwa wanaume thelathini na tisa wenye bluu za kazi, kila mmoja na vyombo vyake. Wa Madeleine hakuwepo, na Madeleine hakuuliza. Damas alileta meza na daftari.

"Mukendi, fundi wa tanuru," Albertine alimwambia. "Andika. Haiko na nyumba."

"Mama, huyu ni marehemu. Marehemu eko na fasi yake, kule makaburi."

"Alitoka kule. Njo maana eko hapa."

Damas alifikiri, akaandika: namba mia mbili na sita, awamu ya pili.

Albertine aliushika ule mkono. Ulikuwa mzito vilevile. Alilia mbele ya watu, kwa furaha, bila kuficha uso, kisha akampeleka mumewe kwa Reine. Reine alimpokea shemeji yake kwa heshima, akampa maji, akaipima stoo kwa macho. Nafasi ilikuwa ya mtu mmoja, na Mukendi akageuza baiskeli yake akarudi ukutani.

Sasa nyumba za wajumbe zimefika usawa wa madirisha. Kila siku saa kumi Albertine huleta bukari na samaki wa ziwa Tshangalele, ambavyo Mukendi havigusi, na wanaketi pamoja hadi Reine anapotaka kufunga stoo.

"Tutaingia lini?" Mukendi humuuliza.

"Dosye iko inaendelea," Albertine humjibu.

Mukendi, aliyeheshimu maneno ya ofisi maisha yake yote, huitikia kwa kichwa. Kisha husimama na kiti chake kutafuta kivuli, maana jua la Oktoba ni kali. Huenda nacho mpaka mwisho wa ukuta, hutazama huku na huku, hurudi, huketi palepale juani.